Kutoka Skrini Hadi Karatasi: Rangi Sahihi za Picha Zinazochapwa Nyumbani

Picha ya bibi harusi ikiwa kwenye simu haina dosari. Gauni ni jeupe, maua ni mekundu, uso unang'aa, na hina ya viganjani inaonekana mstari kwa mstari. Ikitoka kwenye printa ya sebuleni, gauni limeingia ukijani, maua yamefifia, na uso umezama gizani hadi nyusi hazionekani. Mwenye printa anailaumu mashine, anakwenda kununua wino mwingine, na picha inayofuata inatoka vilevile.

Mara nyingi printa haikukosea. Imechapa kile ilichopewa, kwa maelekezo iliyopewa. Kosa limeanza mapema zaidi, na sehemu ya kwanza ya kulitafuta ni ile ambayo wengi hawafikirii kuigusa: mwangaza wa skrini.

Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Karatasi haina mwanga wa kwake. Inarudisha ule wa chumbani baada ya wino kumeza sehemu yake: siani humeza nyekundu, majenta humeza kijani, njano humeza buluu. Simu nyingi za sasa zikiwa juani hupita kandela 500 kwa mita ya mraba, na za bei kubwa hupita 1,000. Karatasi nyeupe ndani ya chumba chenye mwanga wa luksi 300, kiasi cha mahali penye taa nzuri ya kusomea, hurudisha kandela 85 hivi tu. Mtu anayerekebisha picha kwenye skrini kali huiona ina mwanga wa kutosha, hata kuzidi, akaipunguza kidogo ili ipendeze. Karatasi haiwezi kumfuata huko. Pengo hilo ndilo linalozamisha nyuso.

Wapiga picha wanaochapa kazi zao wenyewe huteremsha skrini hadi kati ya kandela 80 na 120. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kukaribia hapo kwa macho. Afungue ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta, ashike karatasi ya picha kando ya skrini, karibu na dirisha lakini nje ya jua la moja kwa moja, kisha apunguze mwangaza mpaka weupe wa skrini na wa karatasi ukaribiane. Kwenye kompyuta nyingi za mkononi atajikuta chini sana ya pale alipozoea, na siku ya kwanza ataona skrini imefifia. Macho huzoea baada ya muda mfupi. Kabla ya hapo azime kila kinachobadilisha rangi bila kuombwa: mwangaza unaojirekebisha wenyewe, hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya manjano, na kwenye simu, ile hali ya rangi kali ambayo watengenezaji hupenda kuiweka tangu kiwandani kwa sababu huvutia dukani. Simu nyingi za Samsung, kwa mfano, zina hali mbili, ya rangi kali na ya rangi za asili. Ya pili ndiyo ya kutumia.

Kifaa cha kupimia ni bora kuliko macho, na ubishi hapo haupo. Spyder ya Datacolor au vile vya Calibrite huning'inizwa juu ya skrini, vikasoma viraka vya rangi kwa dakika chache na kuandika faili la marekebisho. Programu ya bure ya DisplayCAL, inayotegemea ArgyllCMS, huendesha vifaa vingi vya aina hiyo. Shabaha ya kawaida ni weupe wa D65, gama ya 2.2 na kandela 100. Kwa kuwa kifaa hutumika mara moja tu kwa mwezi au kwa nadra zaidi, hakuna sababu ya kila mtu kununua chake. Kundi la wapiga picha wanaofahamiana linaweza kuchanga na kukizungusha.

Skrini ikishatulia, linakuja faili lenyewe. Ndani ya faili, rangi ni namba tu, na namba hizo hazina maana mpaka ijulikane ni za mfumo gani. HP na Microsoft walitoa sRGB mwaka 1996, na ndio mfumo ambao intaneti na printa nyingi za nyumbani huuchukulia kuwa ndio lugha ya kila picha. Adobe RGB ulikuja mwaka 1998 ukiwa na upeo mpana zaidi, hasa kwenye kijani na samawati. Simu za iPhone, tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, hupiga picha katika Display P3, mpana pia. Picha ya P3 ikisomwa na programu isiyotazama lebo, kisha ikachukuliwa kuwa ni sRGB, hutoka imepauka: nyekundu inapoa, majani yanachoka. Kwa anayechapa kutoka programu za simu au anayepeleka faili dukani, njia salama ni kuibadilisha picha kuwa sRGB na kuihifadhi pamoja na lebo yake. Adobe RGB umwachie anayejua kwamba kila hatua inayofuata inausoma.

Na WhatsApp? Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa. Wengi hujua kwamba inapoteza makali, lakini inapoteza pia rangi, kwa sababu mbano wa JPEG hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga. Pindo jembamba la kanga, jekundu juu ya nyeusi, huanza kuvuja kingoni. Picha yenye pikseli 1,600 upande mrefu ikitandazwa kwenye A4 hubaki na nukta 137 kwa inchi, wakati kipimo kinachopendekezwa ni 300. Shangazi aliyeko Muscat anayetaka kutuma picha ya familia ichapwe Tanga aitume kama hati, si kama picha. Faili litafika jinsi lilivyo.

Sasa printa yenyewe. Kama kuna sehemu moja ya mipangilio inayoharibu picha nyingi kuliko zote, ni ile ya kuchagua aina ya karatasi. Watu huiruka kwa kudhani inahusu unene tu, ili karatasi isikwame. Kumbe chaguo hilo ndilo linaloiambia printa ni wino kiasi gani umwagwe, rangi zichanganywe kwa uwiano gani na hata wino upi utumike. Karatasi ya kawaida ya ofisini hunywa wino na kuusambaza ndani ya nyuzi zake, kwa hiyo printa huupunguza. Karatasi ya picha ina tabaka la kuushikilia wino juu, kwa hiyo hupewa mwingi zaidi na kwa nukta ndogo zaidi. Mwenye printa akiweka karatasi ya glosi huku mipangilio ikisema karatasi ya kawaida, rangi zitatoka hafifu na nyeusi itakuwa ya kijivu. Akifanya kinyume, karatasi italowa na kujikunja.

Kwenye printa nyingi za Canon za mfululizo wa PIXMA G, athari ni kubwa zaidi. Wino wao mweusi ni wa pigimenti, uliokusudiwa maandishi, na rangi nyingine tatu ni za aina inayonywewa na karatasi. Ikichaguliwa karatasi ya picha, printa huuacha ule mweusi na kutengeneza nyeusi kwa kuchanganya siani, majenta na njano. Ikichaguliwa karatasi ya kawaida, hutumia ule wa pigimenti, ambao juu ya glosi haushiki: kidole kikipita unafutika, na nywele za mtu hubaki na utando mkavu usiong'aa kama sehemu nyingine za picha. Anayepiga picha nyingi za nyuso atafaidika na printa ya wino sita, kama Epson L805 na mdogo wake L8050, zenye siani hafifu na majenta hafifu zaidi ya zile nne za kawaida. Wino hafifu huwezesha mpito wa polepole pale shavu linapotoka kwenye mwanga kuingia kivulini, bila nukta kuonekana.

Baada ya aina ya karatasi inakuja profaili. Makampuni manane, yakiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, yaliunda mwaka 1993 chombo kinachoitwa ICC ili kompyuta, skrini na printa za makampuni tofauti zielewane kuhusu rangi. Tunda lake ni profaili: faili dogo linaloeleza kifaa fulani hutoa rangi gani kinapopewa namba fulani. Profaili ya printa inahusu mambo matatu kwa pamoja, yaani printa, wino na karatasi. Kikibadilika kimojawapo, maelezo yanakuwa ya kitu kingine. Watengenezaji wa karatasi nzuri kama Hahnemühle, Ilford na Canson hutoa profaili za bure kwa ajili ya printa nyingi za picha, na inafaa kutazama orodha zao kabla ya kununua pakiti.

Profaili inatakiwa kutumika mara moja tu. Programu kama Photoshop au Lightroom huuliza nani asimamie rangi, programu au printa. Ikichaguliwa programu, usimamizi wa rangi uzimwe kwenye draiva ya printa. Ikichaguliwa printa, programu iachwe ipeleke faili bila kuligusa. Zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, rangi husahihishwa mara mbili, na dalili yake ya kawaida ni picha nzima kuelemea majenta, ngozi zikawa kama za watu waliochomwa na jua. Draiva nyingi pia huja na kirekebisho kinachong'arisha nyuso na kuzidisha rangi chenyewe. Nacho kizimwe. Hakuna mtu anayeweza kusahihisha rangi huku mashine nayo inazisahihisha kila picha kwa namna yake.

Halafu wino. Mafundi wa Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi na Nasser Road jijini Kampala huuza chupa za kujazia kwa bei ambayo wino wa kampuni hauwezi kuifikia, na ni haki ya mtu kutafuta unafuu. Lakini majenta ya kiwanda kimoja si majenta ya kingine, na mipangilio yote ya printa ilipimwa kwa wino wa kampuni yake. Anayechapa hati za shule hatasikia tofauti. Anayechapa picha za harusi atasikia. Ushauri wa kweli kwake ni kutumia wino wa asili, na kama hesabu haimruhusu, achague chapa moja ya kujazia na asiichanganye na nyingine, kwa maana kila mchanganyiko mpya ni printa mpya kwa upande wa rangi. Awe macho na jambo moja zaidi: kwenye maduka hayohayo kuna wino wa sablimesheni, ule wa kuchapia vikombe na fulana. Chupa zinafanana. Wino huo huonyesha rangi zake kamili baada ya kubanwa kwa joto kali, kwa hiyo ukichapwa kwenye karatasi na kuachwa hivyo, kila kitu hutoka kimefubaa, na hakuna mpangilio utakaouponya.

Ipo njia ya kujua wino unaelemea wapi bila kununua kifaa chochote. Picha ichukuliwe, itolewe rangi zote hadi iwe ya kijivu, kisha ichapwe kwenye karatasi ya picha kwa wino wa rangi, si kwa ule mweusi peke yake. Jicho la binadamu huvumilia kosa kwenye bahari au majani, lakini kwenye kijivu hulinasa mara moja. Kijivu kikielemea kijani, printa inahitaji majenta zaidi. Kikielemea wekundu, siani zaidi. Kikielemea buluu, njano zaidi. Draiva nyingi zina vitelezi vya rangi hizo tatu. Kitelezi kimoja kisogezwe kidogo, ichapwe tena kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, na ilinganishwe. Kubadilisha viwili kwa pamoja kunapoteza wino na kumwacha mtu hajui kipi kilileta mabadiliko. Kijivu kikishakuwa kijivu, rangi nyingine nyingi hujipanga zenyewe.

Lakini kipimo cha mwisho kwa msomaji wa ukanda huu ni ngozi, na hapa historia inamhusu moja kwa moja. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyekuwa kwenye kadi za mwanzo. Alikuwa mwanamke mweupe, na waliomfuata kwenye kadi walikuwa weupe vilevile. Mashine iliyompendeza Shirley iliwazamisha watu weusi, hasa wakisimama kando ya watu weupe kwenye picha moja. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, amesimulia kwamba Kodak ilianza kuboresha uwezo wa filamu kuonyesha rangi za hudhurungi baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Mwongozaji filamu Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mradi wa televisheni, anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak kwa kuwa iliwazamisha watu weusi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mwaka 2022 Google ilianza kutumia kipimo cha ngozi chenye vivuli 10 kilichoundwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Mambo yamesogea, ila mazoea ya zamani hayajaisha: virekebishaji vingi vya simu bado hukimbilia kuupausha uso mweusi pale vinapodhani ni kivuli.

Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ndani yake. Paji la uso hurudisha mbingu na hupata ubuluu, mashavu yana wekundu wa chini, shingo ina hudhurungi nzito. Printa ikielemea kijani au buluu hata kidogo, uso huo huwa wa kijivujivu, umepauka kama uliokosa mafuta. Ikielemea wekundu, hugeuka wa matofali. Anayerekebisha asiongeze mwanga wa picha nzima, kwa kuwa atachoma gauni jeupe bila kuukomboa uso. Ainue vivuli na sehemu za kati peke yake, aache ule mng'ao wa paji na mfupa wa shavu uwe mkali, kwa sababu mng'ao ndio unaoupa uso mweusi umbo. Kisha ajitengenezee picha ya majaribio yenye watu watatu wanne wa ngozi tofauti, kitambaa chenye rangi, kitu cha kijivu na ukuta mweupe, iliyopigwa kivulini mchana. Picha hiyo ichapwe kila anapobadilisha wino au pakiti ya karatasi. Watu hao awe anawafahamu kwa sura, ili ajue wanavyoonekana kweli.

Kuna rangi ambazo hazitapatikana hata kila kitu kikiwa sawa. Machungwa makali ya kanga mpya, bahari ya Nungwi saa sita mchana, buluu nzito ya kitenge: skrini inaziweza kwa kuwa inatoa mwanga, wino hauziwezi. Buluu nzito ndiyo inayosumbua zaidi, kwani hupenda kuteleza kuelekea zambarau. Photoshop, Lightroom na GIMP, ambayo ni ya bure, zina hali ya kuonyesha kwenye skrini jinsi picha itakavyokuwa baada ya kuchapwa kwa profaili fulani. Inakatisha tamaa kidogo, lakini inaokoa karatasi. Kwenye hali hiyo mtu huchagua kati ya njia mbili kuu: moja hubana rangi zote kwa pamoja ili uhusiano wake ubaki, nyingine huacha zinazowezekana zilivyo na kukata zile tu zilizozidi. Kwa picha za watu njia ya pili kwa kawaida hutoa nyuso sahihi zaidi. Kwa picha iliyojaa kanga, ya kwanza huhifadhi maua yaliyo ndani ya rangi kali yasiyeyukie pamoja.

Picha zilizopigwa ukumbini chini ya taa za zambarau ni habari nyingine kabisa. Taa hizo hazitoi rangi nyingine za kutosha, kwa hiyo ngozi haikupokea kitu cha kurudisha, na hakuna profaili inayorejesha kisichokuwepo. Picha ya aina hiyo ichapwe nyeusi na nyeupe.

Ikitoka kwenye printa, isihukumiwe papo hapo. Wino hubadilika rangi kidogo unapokauka, na saa 24 ni muda wa kutosha. Pwani ya Mombasa, Lamu au Unguja, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, karatasi iliyoachwa kwenye trei kwa wiki nzima hunywa maji na wino huenea juu yake; ibaki kwenye mfuko wake uliofungwa na itolewe kadiri inavyohitajika. Kutazama nako kuna masharti. Viwandani picha hukaguliwa chini ya mwanga wa D50, unaokaribia wa mchana. Nyumbani, dirisha saa nne asubuhi, bila jua la moja kwa moja, linatosha. Taa ya LED ya bei rahisi inaweza kufanya rangi mbili zinazofanana mchana zionekane tofauti usiku, kwa hiyo picha itakayotundikwa sebuleni ikaguliwe pia chini ya taa ya sebuleni.

Kabla ya kuanza kugusa vitelezi vyovyote, ichapwe kwanza karatasi ya kupima nozeli. Mistari ya njano ikikatika kidogo tu, picha nzima huenda kwenye buluu, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akisahihisha profaili wakati tatizo ni tundu lililoziba. Kusafisha hedi ya printa mara moja au mbili hutosha. Kurudia mara nyingi mfululizo hunywa wino na kujaza sponji ya taka. Printa inayokaa bila kazi ndiyo inayoziba, kwa hiyo picha ndogo ya rangi kila wiki ni gharama inayojilipa.

Nyuma ya kila picha ya majaribio paandikwe kwa penseli laini aina ya karatasi, wino, mipangilio na tarehe. Na kwa picha kubwa kuliko A4, au albamu ya kurasa nyingi, faili lililosawazishwa kwenye skrini iliyopunguzwa mwangaza lipelekwe maabara pamoja na ombi moja la wazi: mashine yao izimwe kirekebisho cha rangi, na kipande kidogo kichapwe kwanza kabla ya kazi yote.